Mgeni njoo, chuo kipone

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo la mahojiano la chuo kikuu kimoja cha umma ambacho leo sitakitaja. Tulikuwa tunatafuta mhadhiri wa Kiswahili. Watu sita walihojiwa siku hiyo. Wa nne alikuwa mwanamke kijana mwenye shahada ya uzamifu, makala yake yamechapishwa, na somo la majaribio alilotufundisha kuhusu ngeli lilinifanya mimi mwenyewe niandike kitu pembeni mwa karatasi yangu. Alipotoka, mmoja wetu aliuliza, "Huyu ni wa wapi?" Mwingine akataja kaunti. Wa tatu akafunga faili na kusema, "Si huko kwao kuna chuo? Aende kwao, watamchukua."

Hakuna aliyebisha. Mimi pia sikubisha. Alama zikasawazishwa, kama tunavyosema kwa adabu, na kazi ikaenda kwa mtu wa karibu. Nilipanda gari langu nikajiambia kwamba sauti moja haingebadilisha chochote. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu siku hiyo, na bado sijajisadikisha.

Wiki hii nataka kulichunguza swali hilo la "wa wapi?" kama mtu wa lugha, kisha nilifuate nyuma katika historia ya vyuo vyetu. Nadhani wengi wetu tunaamini kwamba vyuo vikuu vya Kenya vilianza vikiwa vya watu wa aina moja na sasa vinajitahidi kuwa vya anuwai. Historia inasema karibu kinyume chake.

Tuanze na lugha. Katika desturi za Waswahili, kumuuliza mgeni anakotoka ni sehemu ya ukarimu. Mwenyeji anataka kujua safari ilikuwa ya umbali gani, ampe maji ya kunywa au ya kuoga, amwite kwa jina gani. Jibu la swali hilo lilifungua mlango. Mababu wetu wakaongeza methali, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kwa maana kwamba anayeingia huja na dawa ambayo waliomo ndani hawana. Katika jopo letu swali lilikuwa lile lile, maneno ni yale yale, ila kazi yake ilikuwa kufunga mlango.

Sasa litazame neno "kwao". Ni umbo dogo la kisarufi: kiambishi ku- cha mahali pamoja na mzizi wa umilikishi. Kwetu, kwenu, kwao. Hakuna nomino hapo mbele, lakini kila msikilizaji anajua ni mahali gani panapokusudiwa. Vivyo hivyo na "chuo chetu". Zipo lugha duniani ambazo zina "sisi" mbili: moja inayomjumuisha unayezungumza naye na nyingine inayomtoa nje. Kiswahili kina moja tu. Kwa hivyo mkubwa anaposema "chuo chetu", sarufi haikwambii kama umo au haumo. Unaambiwa na desturi za mahali penyewe: nani anaitwa mkutanoni, nani anasikia habari za ufadhili kabla tangazo halijabandikwa, na kicheko kinageuka lugha gani wewe unapoingia chumba cha chai. Wasomi wa menejimenti huuita huo utamaduni wa shirika. Watu wa kawaida husema, "Hapa ndivyo tunavyofanya."

Na hapa je, tulifanyaje hapo mwanzo?

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama Royal Technical College, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake, lakini hata kabla ya milango kufunguliwa mpango huo ulikuwa umeunganishwa na mradi wa Wahindi wa Afrika Mashariki, waliokuwa wamechanga fedha ili kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi. Basi katika nchi ambayo shule, hospitali na mitaa vilitengwa kwa rangi, kikatokea chuo kilichowaingiza Waafrika, Waasia na Wazungu katika darasa moja. Hatupaswi kukipamba sana. Waliofundisha na kuamua wengi walikuwa Waingereza, na mitihani iliitazama London. Hata hivyo, mbegu ya kwanza ilikuwa ya mchanganyiko.

Mwaka 1963 chuo hicho kiliungana na Makerere na Dar es Salaam kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kazi ziligawanywa. Aliyetaka udaktari wa binadamu alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na aliyetaka uhandisi au udaktari wa mifugo alikuja Nairobi. Mkenya akiwa wakili alikuwa amekaa na Watanzania miaka kadhaa, na Mganda akiwa mhandisi alikuwa amekula ugali wa Nairobi. Mkuu wa chuo cha Nairobi kutoka 1964 hadi 1970 alikuwa Arthur Porter, mwanahistoria kutoka Sierra Leone. Hebu fikiria hilo leo: mtu wa Freetown akiongoza chuo kikuu cha umma nchini Kenya! Angeulizwa "wa wapi?" hadi akate tamaa.

Lakini nisikudanganye, msomaji, ati wakati huo kila mtu alipendana. Kisa cha Wangari Maathai kinatuonya. Januari 1966 alirejea Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alikuwa na barua ya kazi: msaidizi wa utafiti wa profesa wa zuolojia. Aliporipoti aliambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Maathai mwenyewe aliamini hadi mwisho kwamba sababu zilikuwa mbili, ukabila na jinsia yake. Barua ilikuwa mkononi, lakini uamuzi ulikuwa umefanyika kwingine, pengine katika chumba kinachofanana na kile nilichokaa mimi.

Alitafuta kazi kwa miezi miwili. Aliyemwokoa alikuwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Giessen, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo na alihitaji mtu anayejua kutayarisha na kusoma tishu chini ya hadubini. Hofmann hakuwa na mjomba Nyeri wala shemeji Kisumu. Alichokitazama ni ujuzi. Mwaka 1971 Maathai akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na mwaka 1977 profesa mshiriki. Mlango ambao mwenyeji aliufunga, mgeni aliufungua.

Kuingia, hata hivyo, kulikuwa nusu ya safari. Alipokuwa ndani alikuta kanuni ambazo hazikumtazamia. Wahadhiri wanaume walipata nyumba, matibabu na pensheni kwa masharti yaliyowanyima wanawake, hasa walioolewa, kwa hoja kwamba mume ndiye anayestahili kumtunza mkewe. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya waliidai haki hiyo. Walijaribu kukigeuza chama cha wahadhiri kuwa chama cha wafanyakazi chenye uwezo wa kujadiliana na mwajiri; mahakama ikakataa, lakini madai yao mengi yalikubaliwa baadaye. Hapa pana somo ambalo takwimu haziwezi kulionyesha. Unaweza kumhesabu mtu kwenye orodha ya mishahara na bado kanuni za nyumba zikamwambia kwamba haukutazamiwa kuwepo.

Somo jingine lilitoka katika idara ya Kiingereza ya chuo hicho hicho. Septemba 1968 kaimu mkuu wa idara alipeleka kwenye bodi ya kitivo waraka kuhusu mustakabali wa masomo ya sanaa. Tarehe 24 Oktoba wahadhiri watatu walijibu kwa waraka wao uliouliza swali la ajabu: kwa nini idara ya Kiingereza iwepo kabisa? Kama ni lazima tusome maendeleo ya utamaduni mmoja, kwa nini usiwe wa Kiafrika, kisha ndipo tuziangalie tamaduni nyingine kutoka hapo? Walitaka fasihi simulizi iwekwe katikati, na Kiswahili kipate nafasi yake pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Hatimaye pakazaliwa Idara ya Fasihi.

Watatu hao ni nani? Ngũgĩ wa Thiong'o, Mkikuyu wa Limuru aliyesomea Makerere na Leeds. Henry Owuor Anyumba, Mjaluo aliyezama katika nyimbo na masimulizi ya jadi. Na Taban lo Liyong, ambaye maisha yake yanavuka mpaka wa Sudan na Uganda, aliyekuwa ametoka kusoma uandishi Iowa. Sidhani yeyote kati yao, akiwa peke yake, angeuandika waraka ule. Na sidhani ungeandikwa na watu watatu waliokulia kijiji kimoja, kwa sababu watu wa kijiji kimoja hawahitaji kuelezana yale wanayoyachukulia kuwa ya kawaida. Swali jipya huzaliwa pale mtu anapolazimika kumweleza mwenzake kitu ambacho nyumbani hakikuhitaji maelezo.

Sisi wa Kiswahili tunalijua hilo kutoka uwanja wetu wenyewe. Kwa muda mrefu ushairi wa Kiswahili ulikuwa na walezi wa pwani, wenye vina, mizani na masikio makali. Kisha katika miaka ya 1970 wakaingia wasomi wa bara, wengi wao wakitoka Dar es Salaam. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akachapisha Kichomi mwaka 1974. Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara mwaka 1976. Vita vya maneno vikazuka: je, tungo zisizo na vina ni mashairi? Wengine waliona Kiswahili kimeporwa. Lakini kutokana na ubishi huo tulilazimika, kwa mara ya kwanza, kufafanua kwa undani ushairi wenyewe ni nini. Hata waliotetea arudhi walizitetea vizuri zaidi kuliko walivyowahi kufanya kabla ya kubishiwa. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona, ingawa dawa ilikuwa chungu.

Basi duara lilianza kufinyika lini? Naona hatua tatu. Ya kwanza ni mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa na kila nchi ikabaki na chake. Sababu zilieleweka, kwani kila taifa changa lilitaka wataalamu wake kwa haraka. Ila "sisi" ya Waafrika Mashariki ikawa "sisi" ya Wakenya.

Hatua ya pili ilikuwa ya kisiasa. Nilijiunga na chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bado niliwakuta mabaki ya ule mchanganyiko. Fonolojia nilifundishwa na Mtanzania, sosholojia na Mganda aliyekimbia utawala wa Idi Amin, na ushairi na mtu wa Mombasa aliyetukataza kusoma beti bila kuzighani. Kisha likaja 1982. Wahadhiri walikamatwa, miongoni mwao Alamin Mazrui, mtunzi wa Kilio cha Haki. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe mosi Agosti chuo kilifungwa, tukarudishwa vijijini. Micere Githae Mugo, mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda uhamishoni mwaka huo huo. Tuliporudi, desturi mpya ilikuwa imeingia: kuongea chini chini, na na mtu unayemwamini tu. Na katika nchi yetu, unayemwamini aghalabu ni yule mnayeongea naye lugha ya mama. Woga ulituzoesha lugha za vichochoroni, na hali ya hatari ilipopita, mazoea yalibaki.

Hatua ya tatu tumeiona sote. Karibu mwaka 2012 na 2013 vyuo vishiriki vingi vilipandishwa hadhi kwa mpigo, na idadi ya vyuo vikuu vya umma ikatoka saba hadi zaidi ya 20. Lilikuwa jambo jema kwa kijana wa Turkana au Taita asiyeweza kufika Nairobi. Lakini kila eneo lilipopata chuo, lilipata pia "chuo chetu". Mwaka 2016 wanasiasa na wakazi waliandamana Eldoret kupinga uteuzi wa kaimu naibu chansela kwa kuwa hakuwa mtu wa eneo hilo. Chuo chenyewe, Moi, kilianzishwa mwaka 1984 kwa fedha za walipa ushuru wa nchi nzima.

Nakubali kwamba wenyeji wana hoja yao. Mara nyingi walitoa ardhi. Walivumilia vumbi la ujenzi na kodi za nyumba zilizopanda. Ni haki yao kutarajia kazi za ulinzi, jikoni, bustani na ofisini ziwafikie watoto wao. Ila chuo kikuu si soko la kata. Mwanafunzi wa Kibwezi aliyetumwa Kakamega na mfumo wa kitaifa hakutumwa huko ili afundishwe na binamu za naibu chansela.

Sheria tunazo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Katiba ya 2010 inadai utumishi wa umma uakisi sura ya jamii zote za Kenya. Mwaka 2012 Tume ya Uwiano ilifanya ukaguzi katika vyuo vikuu vya umma na kugundua kwamba vingi vilikuwa vimevuka mpaka huo. Wapo wanaolalamika kwamba theluthi hiyo itamnyima kazi anayestahili. Nawajibu kwa kuwauliza: siku ile katika jopo letu, aliyestahili alinyimwa na theluthi au alinyimwa na ukosefu wa theluthi?

Hata hivyo, sheria inahesabu watu. Haiwezi kuhesabu vicheko vinavyobadili lugha. Ndiyo maana nadhani dawa iko katika mambo madogo ya kila siku, ambayo wengi wetu wenye mvi tunaweza kuyafanya bila kungoja waziri. Kila mwanajopo aandike alama na kutia sahihi kabla ya mjadala kuanza, zisiweze "kusawazishwa". Kila jopo liwe na mtu mmoja kutoka chuo kingine. Na mkutano wa idara, hata ule wa kwenye kikombe cha chai, uendeshwe kwa lugha ambayo kila aliyepo anaielewa. Kiswahili ni lugha ya taifa na, tangu 2010, ni lugha rasmi pia. Ni ajabu kwamba tunakifundisha darasani saa nne, na saa tano tunakiacha mlangoni mwa chumba cha walimu.

Mwaka uliopita, katika kongamano, yule mwanamke alinijia. Amefundisha kama mhadhiri wa kibarua katika vyuo vitatu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa bado havijamlipa malipo ya muhula uliopita. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akaniuliza kama namkumbuka. Nikasema namkumbuka, na kwamba somo lake la ngeli lilikuwa zuri. Akashukuru. Akaniambia bado analifundisha hivyo hivyo. Akaniomba nisome makala yake mpya kama nina nafasi.

Sikumweleza kilichotokea baada ya yeye kutoka chumbani. Nilirudi nyumbani, nikaisoma makala usiku huo, nikamwandikia maoni ya kurasa tatu, kana kwamba kurasa tatu zinaweza kulipia dakika mbili za kimya. Atakaposoma safu hii huenda akajua ni yeye. Kama ni hivyo, binti yangu, neno nililopaswa kulisema siku ile lilikuwa fupi: "Huyu ni wa hapa."